Ubatizo wa Yusuf bin Hasan
Kwa msomaji aliyeko Bertrams, mtaa wa Johannesburg uliowahi kukaliwa na Wayahudi na Wareno, ustaarabu wa Hispania huzua swali la kale: je, dola inaweza kuamuru imani? Mwaka 1492 Granada ilianguka na Wayahudi wakafukuzwa; kuanzia 1609 ikawa zamu ya Wamorisko, yaani Waislamu waliobatizwa pamoja na vizazi vyao. Swali hilo lilifika Mombasa, iliyokuwa chini ya Wareno, wakati mfalme wa Hispania alipotawala pia Ureno (1580–1640), kwa kuwa Yusuf bin Hasan, mrithi wa ufalme wa Mombasa aliyepelekwa utotoni Goa, koloni la Wareno nchini India, akabatizwa kwa jina la Jerónimo na kurudishwa kutawala, aliiteka Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno mjini humo, mwaka 1631, akarejea Uislamu na kuwaua Wakristo waliokataa kusilimu, akitumia hoja ileile ya waliomlea.