Ndama Amekosa Nini?



Kuanzia mwishoni mwa 2020, kwenye nyanda za Kajiado mvua zilikataa misimu 5 mfululizo. Za vuli hazikutosha, za masika nazo vilevile. Ng'ombe wakafia bomani. Wanaume wakahama na waliosalia kutafuta malisho, mama na watoto wadogo wakabaki na vimbuzi vichache. Na wapo waliosema, eti ni adhabu ya dhambi zetu.

Haya, dhambi zetu. Sasa ndama amekosa nini? Nabii Yoeli anawasikia ng'ombe wakilia kwa kukosa malisho. Ukisoma Yona hadi mwisho (wengi tunaishia tumboni mwa samaki!), utaona Mungu anaihurumia Ninawi pamoja na mifugo yake. Na katika Mathayo 5:45 Yesu anatuonyesha Baba asiyechagua shamba la kunyeshea.

Mimi naona neno "adhabu" linatupa ruhusa ya kukaa tu. Kama ni Mungu anayempiga jirani, mimi ni nani nimpe maji? Kumbe wafugaji wana desturi ya zamani: mwenye ng'ombe wa maziwa humwazima aliyeishiwa, awakamulie watoto wake. Haulizi kwanza jirani alitenda dhambi gani.

Kazi iko kisimani. Umesali novena ya mvua, maji yaliyopo yanatosha mifugo yenu tu, na ng'ombe wa wageni wamesimama pale, mbavu nje, wanakutazama. Utafanyaje?