Dawa ya Deni ni Kulipa

Mwaka 1958 mtaalamu mmoja wa Marekani, Charles David Keeling, alianza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii. Aliona ya kuwa katika kila sehemu milioni moja za hewa mlikuwamo sehemu 315 hivi za hewa ya ukaa, yaani ile itokayo katika moto wa kuni, wa makaa ya mawe, wa mafuta na wa gesi. Mtaalamu huyo alifariki mwaka 2005, lakini kazi yake haikukoma, na leo vipimo vya mlima ule vyaonyesha sehemu zaidi ya 420. Kabla ya viwanda kuenea Ulaya zilikuwa 280 tu. Hewa hiyo ni kama blanketi: huuacha mwanga wa jua upite, lakini hulizuia joto lisitoke. Kadiri blanketi linavyozidi kuwa zito, ndivyo dunia inavyozidi kupata joto.

Basi swali tusiloweza kulikwepa ni hili: je, wanadamu wanatenda yatoshayo ili kulipunguza joto hilo? Wengine hujibu upesi kwamba ndiyo, maana mikutano imefanyika na mikataba imetiwa sahihi: Rio de Janeiro mwaka 1992, Kyoto mwaka 1997, Paris mwaka 2015. Hayo ni kweli, wala hatuyadharau. Lakini mwaka 2024 ulipita kwa joto miaka yote iliyopata kupimwa kabla yake, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema kwamba joto lake lilizidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.55 hivi. Huko Paris mataifa yaliahidi kujitahidi lisizidi nyuzi 1.5. Ni haki kusema kwamba mwaka mmoja hauvunji ahadi ile, kwa kuwa kipimo chake ni cha miaka mingi. Hata hivyo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waonya kwamba tukiendelea na njia tunayoishika sasa, ongezeko litakaribia nyuzi 3 kabla ya karne hii kwisha.

Yafaa tulitazame neno lenyewe, kutosha. Mtu aweza kuipima kazi yake kwa jasho alilotoa, au aweza kuipima kwa deni alilo nalo. Anayedaiwa shilingi elfu moja, akaleta mia, hata kama ameileta kwa ngoma na vigelegele, bado anadaiwa mia tisa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa; hawakusema ni kuahidi. Kwa maoni yetu, kosa kubwa la wakati wetu ni kuipima kazi hii kwa jasho, kwa wingi wa mikutano na urefu wa hotuba, badala ya kuipima kwa deni.

Lakini je, ni deni kweli? Mafundisho ya Kanisa kuhusu haki yatusaidia hapa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba aliyemtia mwenzake hasara bila haki hana budi kurudisha. Kujuta tu hakutoshi. Na walimu wa maadili waongeza kwamba watu wengi wakishirikiana kuleta hasara, hakuna anayefunguliwa kwa sababu wenzake ni wengi. Kila mmoja adaiwa kwa kadiri ya sehemu yake. Tena hutofautisha kati ya mtu aliyeshika mali ya mwenzake bila kujua, na yule aliyeendelea kuishika baada ya kujua. Wa kwanza hana hatia, ingawa akijua sharti arudishe. Wa pili ana hatia pamoja na deni.

Wazee waliowasha tanuri za kwanza za viwanda hawakujua, wala hatuwahukumu. Lakini tangu mwaka 1896 Svante Arrhenius, mtaalamu wa Uswidi, alikwisha kufanya hesabu ya jinsi hewa ya ukaa iwezavyo kuongeza joto la dunia. Na mwaka 1990 wataalamu waliokusanywa na Umoja wa Mataifa walitoa taarifa yao ya kwanza kwa serikali zote. Nani tena aweza kusema hakujua? Walakini, katika hewa ya ukaa yote ambayo wanadamu wameitoa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, zaidi ya nusu imetolewa baada ya mwaka huo wa 1990.

Sehemu za deni nazo si sawa. Katika hewa hiyo yote iliyotolewa tangu viwanda vianze, karibu robo ilitoka Marekani peke yake. Leo China ndiyo itoayo nyingi kuliko nchi yoyote. Afrika nzima, yenye zaidi ya sehemu moja ya sita ya watu wa dunia, hutoa asilimia 4 hivi tu kila mwaka. Katika tangazo lake la Jubilei ya mwaka 2025, Papa Fransisko alilitaja deni hili baina ya nchi za kaskazini na za kusini, naye aliliweka chini ya haki, si chini ya ukarimu. Tofauti hiyo ni kubwa. Sadaka mtu huitoa kwa kadiri ya moyo wake, na anayeipokea hushukuru. Deni hulipwa kwa kadiri lilivyo, na anayelipwa hana haja ya kupiga magoti.

Tutazame basi jinsi linavyolipwa. Mwaka 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi maskini ifikapo mwaka 2020. Zilizitimiza mwaka 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mwaka huo huo wa 2022 ulikubaliwa mfuko wa kuwafidia waliokwisha kuharibikiwa. Miaka miwili baadaye ahadi zote za mfuko huo hazijafika hata dola bilioni 1. Na Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa tena katika mkataba wa Paris. Mtu akichoma nyumba ya jirani yake, kisha akamkopesha fedha za kuijenga upya, je, twaweza kusema amelipa? La, hasha. Amemwongezea jirani deni juu ya majivu.

Majivu hayo twayaona kwetu. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila uzi mmoja wa joto. Kwa hiyo mvua ikija huja kwa kishindo, na jua likiwaka huinyonya ardhi kupita kiasi. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 150 katika Tanzania. Barafu ya Kilimanjaro, iliyoenea kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, sasa haifiki 2. Hatusemi kila gharika yatokana na viwanda, na wataalamu wasema kupungua kwa unyevu nako kumeila barafu ya Kilimanjaro. Twasema tu kwamba mzigo umewaangukia wasioufunga.

Hapa ndipo vishawishi viwili hutunyemelea. Cha kwanza chasema: “Hayo ni ya Wazungu na Wachina, sisi hayatuhusu.” Lakini tukumbuke habari ya tajiri na Lazaro. Injili haisemi kwamba tajiri yule alimpiga Lazaro, wala kwamba alimwibia. Yasema kwamba Lazaro alilala mlangoni pake, mwenye njaa na vidonda, na tajiri alikula. Alihukumiwa kwa lile ambalo hakulitenda. Na tuungamapo mwanzoni mwa Misa hatutaji matendo tu, bali na wajibu tusioutimiza. Kwa hiyo asiye na deni la jana aweza kuwa na wajibu wa leo.

Kishawishi cha pili chajivika vazi la ibada: “Mvua ni ya Mungu, tusali tu.” Yatupasa kusali kweli, na kuomba mvua ni desturi njema ya Kanisa. Lakini maongozi ya Mungu hayaondoi kazi ya viumbe vyake. Mungu hulisha watu kwa jembe la mkulima, na huponya kwa mkono wa mganga. Anayeomba mvua huku akifyeka msitu wa chemchemi amfanya Mungu mtumishi wa uzembe wake.

Basi wajibu wetu ni upi? Kwa hesabu za serikali, Tanzania imekuwa ikipoteza misitu ya hekta karibu 470,000 kila mwaka. Sehemu yake huenda mijini katika magunia ya mkaa. Rahisi ni kumlaumu mchoma mkaa wa Kilosa au Handeni. Lakini asingechoma kama hakuna anunuaye. Tena twasema wazi kwamba mama anayepikia wanawe juu ya mafiga matatu hatendi dhambi. Ni dhuluma kumnyang'anya maskini mkaa kabla ya kumwekea nishati nyingine kwa bei anayoiweza. Serikali imeweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 watumie nishati safi ya kupikia. Shabaha hiyo ni njema. Itakuwa ya haki ikiwafikia wa vijijini, si wenye mishahara tu.

Serikali pia imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Agizo hilo lazihusu shule, hospitali na seminari za Kanisa. Seminari haiwezi kufundisha darasani ensiklika Laudato Si' ya mwaka 2015, kisha jikoni kwake lori la magogo likashushwa kila juma, na hakuna anayeuliza.

Liko na jambo gumu zaidi. Limebuniwa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Wengine wasema tusiguse mafuta hayo kamwe. Wengine wasema walionenepa kwa mafuta wasitufungie ghala. Sisi twaona kwamba wa kwanza kujinyima sharti awe yule aliyekwisha kushiba, na anayemkataza mwenye njaa huku yeye akiendelea kuchimba hana uso wa kunena. Lakini twaona vilevile kwamba dhambi ya jirani si ruhusa yetu. “Wao walichafua, nasi tuchafue” si hoja ya Mkristo. Kwa hiyo wenye mamlaka wana wajibu wa kujibu mbele ya wananchi: je, kila aliyehamishwa shamba lake amelipwa kwa haki? Je, faida itajenga umeme wa maji, wa jua na wa upepo kwa wajukuu wetu, au italiwa na wachache? Pasipo majibu hayo, neno maendeleo ni ganda lisilo na kiini.

Jibu letu, basi, ni kwamba jamii haitendi yatoshayo. Wenye kudaiwa sana wanalipa kidogo na kuhesabu ahadi kama malipo. Nasi tunaodai haki tusiitumie haki hiyo kuwa mto wa kulalia. Baba wa familia na apande miti mahali pa ile aliyoikata, aitunze hata ishike mizizi. Mama wa mjini, kama ana uwezo wa gesi, na auache mkaa. Baraza la parokia na lijadili jiko la shule yake kabla ya kujadili rangi ya ukumbi. Viongozi wetu, waendapo katika mikutano ya mataifa, waende kama wenye kudai, si kama wenye kuomba. Na ili wadai kwa uso mkavu, sharti mikono ya nyumbani iwe safi. Watoto wanaobatizwa mwaka huu watakuwa watu wazima katikati ya karne hii, na hewa watakayoivuta ni hii tunayowaachia.