Umbo la Chupa ni Mali ya Nani?

Mtu akitunga utenzi, sheria humpa haki ya kunakili maisha yake yote, na warithi wake miaka mingi baada ya kufa kwake. Akivumbua mashine hupewa hataza, naye hana budi kueleza wazi jinsi ifanyavyo kazi. Kisha, baada ya miaka 20, kila fundi yu huru kuiunda. Ipo haki nyingine ambayo wasomi wetu huipuuza, nayo ni hataza ya umbo. Hii hailindi kazi ya kitu bali sura yake tu, yaani mkunjo, mstari na pambo lionekanalo kwa jicho. Huko Marekani ilianza kwa sheria ya 1842, na ya kwanza alipewa George Bruce kwa herufi zake za kupigia chapa. Siku hizi muda wake huko ni miaka 15.

Muda huo ndio kiini cha swali langu. Hataza ni ahadi ya pande mbili: mbunifu hufaidi peke yake, na umma hungoja zamu yake. Je, ni haki mmoja apate fungu lake, kisha mwenzake anyimwe?

Tazama chupa ya Coca-Cola. Ilibuniwa katika kiwanda cha Root Glass mjini Terre Haute, Indiana, ilipotafutwa chupa itakayotambulikana gizani kwa kupapaswa, au hata ikiwa imevunjika chini. Ilipata hataza ya umbo 1915, nyingine 1923, na nyingine tena 1937. Hii ya mwisho ikaisha 1951. Umma ulikwisha ngoja miaka 36. Mwaka 1960 umbo hilo likaandikishwa kuwa alama ya biashara. Na alama haina mwisho, maadamu yatumika na kuandikishwa upya.

Wapo wasemao hapana dhuluma hapa, maana alama humlinda mnunuzi asidanganywe. Hoja hii ina nguvu, nami naikubali nusu. Mnunuzi aipapasaye chupa ile amjua mwenye soda. Lakini amemjuaje? Kwa miaka 36 hapakuwa na mwingine aliyeruhusiwa kuitumia! Sifa ya chupa ililelewa na hataza yenyewe.

Mwaka 1938 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Kellogg na National Biscuit Company juu ya biskuti za ngano zenye umbo la mto wa kulalia. Hataza za kuzitengeneza zilikwisha 1912. Jaji Brandeis alisema umbo lile sasa ni la wote, mradi Kellogg asiwahadae wanunuzi. Tena umbo jingine lingeongeza gharama na kupunguza ubora. Chupa haina udhuru huo, kwani soda hukaa katika chupa yoyote. Basi ajabu iliyoje: kifaacho kwa kazi kilirudi kwa umma, na kilicho pambo tu kikabaki kwa mwenyewe daima.

Mimi ningetaka mwenye kiwanda achague tangu mwanzo, ama hataza ya umbo, ama alama. Akichukua ile yenye muda, muda ukiisha fundi mwingine na aruhusiwe kuipuliza chupa ile, naye abandike jina lake mwenyewe juu yake.