Anayeuliza Si Mchochezi

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya mto Tana, wafungwa 85 wa wakati wa Hali ya Hatari ya kikoloni nchini Kenya walipelekwa shambani kuchimba mifereji ya unyunyiziaji. Walikuwa wamezuiliwa bila kufikishwa mahakamani, na walikuwa wamekataa kufanyishwa kazi kwa nguvu. Askari wa gereza waliwashukia kwa marungu. Watu 11 walikufa. Taarifa ambayo serikali ya kikoloni iliwapa waandishi wa habari haikutaja rungu wala kipigo. Ilisema watu hao walifariki baada ya kunywa maji kutoka kwenye mkokoteni wa maji.

Mimi ni mtu wa mto huu. Kila nikipanda matatu Garsen kuelekea Hola, uwongo huo hunirudia na hasira yake yote. Waliwaua watu, kisha wakayasingizia maji, hapa ambapo mtu hana kitu kingine cha kutegemea ila hayo maji ya Tana.

Uwongo ule haukudumu. Maiti zilipasuliwa zikakutwa na majeraha, na hakimu aliyeendesha uchunguzi akathibitisha kwamba watu hao walikufa kwa kupigwa. Habari ikafika bunge la Uingereza. Usiku wa tarehe 27 Julai mwaka huohuo, Barbara Castle wa upinzani aliibana serikali, na hata Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala, akasimama kuwaambia wenzake kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Serikali ilitikisika. Ila tuangalie mdomo uliokuwa huru ulikuwa wapi. Huku mtoni, walioshuhudia hawakuwa na pa kusemea. Tangu mwaka 1952 magazeti mengi ya Waafrika yalikuwa yamepigwa marufuku, likiwemo Mumenyereri la Henry Muoria. Ukweli wa Tana River ulilazimika kusafiri hadi London ndipo usemwe kwa sauti, na wenye kosa wakawa wameshapata nafasi ya kujipanga. Hakuna aliyefungwa kwa vifo vile.

Miaka 100 kabla ya Hola, mwaka 1859, Mwingereza John Stuart Mill alichapisha kitabu kiitwacho On Liberty. Hoja yake kuu ni kwamba hakuna mwenye haki ya kumfunga mtu mdomo kwa sababu ya maoni yake, hata kama dunia nzima iko upande mmoja na yeye amebaki peke yake. Huenda yeye ndiye mkweli. Na kama amekosea, wale waliopatia wanahitaji kupingwa, kwa sababu imani isiyowahi kupingwa hubaki kukaririwa tu bila mtu kujua kwa nini anaishika. Hoja hiyo naikubali kwa moyo wote. Lakini katika kitabu hichohicho Mill aliandika kwamba kanuni yake haiwahusu watu wa jamii alizoziona ziko nyuma, na kwamba hao wanaweza kutawaliwa kwa amri mradi ni kwa faida yao. Alikuwa amefanya kazi katika Kampuni ya Uhindi Mashariki kwa zaidi ya miaka 30. Wakubwa wa wale walioshika marungu Hola walilelewa katika fikra hiyo: uhuru ni wetu, nyinyi bado.

Wapo wanaosema basi tuutupe uliberali huu wa kina Mill mzima, ni mali ya mkoloni. Sikubali. Tukiutupa tutakuwa tumekubaliana na Mill palepale alipokosea, kwamba haukuwa wetu.  Na kwa kweli watawala wetu wa kwanza waliutupa uhuru huo wakabakiza sheria ya kuwafunga wasemao. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akafungwa miaka mitatu kwa uchochezi dhidi ya serikali. Vifungu vya sheria hiyo vilikaa vitabuni hadi mwaka 1997. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu uhuru wa kujieleza, kimenunuliwa kwa miaka ya watu kama yeye.

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo mwandishi yeyote wa Tana Delta akilikwepa hastahili kusomwa. Mwaka 2012 tuliuana, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji. Alfajiri ya tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilivamiwa, wakafa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Kilelengwani, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo polisi. Desemba ikawa Kipao. Rais Kibaki alitangaza kafyu, na waziri msaidizi mmoja kutoka kaunti hii ya Tana River akashtakiwa kwa uchochezi, mashtaka aliyoyakana. Ukimwambia mtu aliyezika watoto wake msimu ule kwamba maneno hayaui, atakuangalia kama mwendawazimu, na atakuwa na haki.

Mill mwenyewe aliliona hilo. Alisema mtu anaweza kuandika gazetini kwamba wafanyabiashara wa nafaka ndio wanaowashindisha maskini njaa, asiguswe; lakini akiyasema hayohayo mbele ya umati wenye hasira uliosimama mlangoni pa mfanyabiashara, huyo anaweza kuadhibiwa. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni umati na mlango. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuchora mstari, na Katiba yetu imeuchora karibu na hapo: haimlindi anayechochea ghasia wala anayeeneza chuki. Anayesimama usiku kuwaambia vijana wenye mapanga kwamba kijiji fulani kisione asubuhi, ashikwe, apelekwe mahakamani, ushahidi utolewe hadharani. Sina huruma naye hata kidogo.

Ninachokataa ni tafsiri waliyoitoa wakubwa baada ya msiba ule, kwamba watu wa delta walisema mno. Nilikuwepo. Tulichokuwa nacho zile wiki ni ujumbe wa simu usio na mwenyewe: wanakuja leo usiku, wameonekana ng'ambo ya mto, mwenzako usimwamini. Mpokomo aliupokea, na Muorma akapokea wake unaofanana nao. Hapakuwa na mahali pa wawili hao kukaa wakaulizana, wewe umesikia nini? Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, walikuwa kwao, na wazee wa Matadeda, baraza la Waorma, kwao. Na maswali yenyewe yalikuwa ya miaka mingi: malka ya kupitisha ng'ombe hadi mtoni yamefungwa na nani, shamba la nani limeliwa na mifugo, ardhi iliyopewa miradi mikubwa ya miwa ilitolewa kwa idhini ya nani. Watu waliyauliza maofisini wakazungushwa, kisha wakanyamaza. Waliokuja kuyajibu ni wenye ujumbe wa simu.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Watu walikwenda mbele yake, wakala kiapo, wakaeleza waliyoyaona, wengine wakilia. Sijawahi kuhudhuria baraza hata moja ambapo matokeo ya kazi ile yalisomwa kwa wale waliotoa ushahidi. Wamesema na hawakujibiwa.

Na mazoea ya kufunga milango bado yapo. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana, Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo vya televisheni na redio visirushe maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi yavyo ikazimwa. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo. Kwa saa zile, mzazi wa Garsen mwenye mwana Nairobi alibaki na uvumi wa WhatsApp.

Huku kwetu udhibiti hauji na barua ya mamlaka. Nilishuhudia mmoja baada ya mafuriko ya 2018. Baraza lilikuwa chini ya mwembe, viti vya plastiki mbele kwa wageni, akina mama kwenye mikeka wakiwa na kadi zao za msaada mkononi. Kijana mmoja alisimama akasema, "Wazee wangu, naomba orodha ya waliopata unga isomwe hapa, jina kwa jina." Ofisa aliyeongoza kikao akamkata: "Wewe kijana ni mchochezi. Hii ni Tana, unajua tulikotoka. Keti chini." Wengi wakaguna wakikubali. Jina la 2012 lilikuwa limetumika kulinda magunia ya unga.

Aliyeokoa siku ile ni mama mmoja mtu mzima, Muorma, ambaye yule kijana Mpokomo hata hakuwa jamaa yake. Hakusimama. Alinyanyua kadi yake akasema, "Mwanangu hajatukana mtu. Mimi pia nataka kusikia. Someni." Mzee mmoja wa Gasa akamuunga mkono, halafu mwingine. Orodha ikatolewa mfukoni, ikasomwa. Mlikuwa na majina ya watu waliokwishahama, na lilikuwamo jina la marehemu. Kelele zilipanda. Watu walibishana mpaka alasiri, Waorma kwa Wapokomo na Wapokomo wao kwa wao, wakitajiana majina na koo na nani ni shemeji ya nani, na hakuna aliyeinua fimbo. Majina yalikatwa kwa kalamu mbele ya macho ya wote na mengine yakaandikwa.

Yule kijana hakushukuriwa na ofisa yeyote. Mara ya mwisho nilipokutana naye sokoni Garsen aliniambia kwamba akienda ofisini kutafuta saini ya karatasi yoyote, bado huambiwa angoje nje. Anangoja, na baraza likiitwa huwa anasimama tena kuuliza.