Yupo, Lakini Hayumo

Mkutano ulitangazwa uanze saa tatu asubuhi. Njombe mwezi wa Juni, saa tatu bado ni saa ya ukungu. Watu wanakuja wamejitanda mablanketi, na ukisalimia "kamwene" unajibiwa kwanza na mvuke wa mdomo, neno linafuata. Ilipofika saa nne na nusu wanaume walikuwa wamejaza mabenchi yaliyotolewa darasani, wanawake wachache wameketi nyasini juu ya kanga zao, na mtendaji wa kijiji akasema tuanze, wengine hawaji tena. Ajenda ya tatu ilikuwa vinyungu.

Kwa asiyezijua nyanda hizi, kinyungu ni bustani ya bondeni, hulimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi wakati mashamba ya juu yamekauka. Humo ndimo zinamotoka kabichi, mahindi mabichi na viazi vya kuvushia msimu, na kwa akina mama wengi humo ndimo zinamotoka sare za shule. Tatizo ni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto ambamo shughuli za kuharibu mazingira haziruhusiwi. Mita 60 kwenye bonde jembamba ni bonde zima. Wazee wakabishana kidogo kipimo kianzie wapi, wakakubaliana kwamba vinyungu vya upande wa chini vifungwe, ajenda ikapita.

Tulikuwa kwenye mengineyo mama mmoja alipofika, tope hadi kwenye miundi, jembe begani. Akauliza kimeamuliwa nini juu ya bonde. Mwenyekiti, kwa upole kabisa, akamjibu: "Mama, asiyekuwapo na lake halipo."

Mkutano ukacheka. Yeye hakucheka. Akasema: "Mwenyekiti, mimi nilikuwa humo humo kwenye kinyungu mnachokisema."

Tangu siku hiyo methali hii nimekuwa nikiigeuzageuza kama mtu anayetafuta tundu kwenye ndoo. Wengi siku hizi husema "asiyekuwepo", na wala sitagombana nao. Neno linalonisumbua ni lile la katikati, "lake". Lake lipi? Methali haikutaja. Laweza kuwa neno, jambo, jina, shauri, fungu la nyama lililoliwa kwenye sherehe. Kwa mama yule lilikuwa bonde. Ufupi huo ndio unaoifanya methali ifae jikoni na bungeni vilevile: kila anayeisema analijaza pengo kwa kile anachotaka kukimega.

Kisha kuna ile "po". Tulifundishwa darasani kwamba "po" ni mahali dhahiri, "ko" ni mahali pasipo dhahiri, na "mo" ni ndani. Methali ilichagua "po". Lakini mahali panakuwa dhahiri kwa nani? Kwa aliyesimama hapo akisema. Uwanja wa shule ulikuwa dhahiri kwa mwenyekiti, na bonde, lililokuwa likizungumzwa, likawa "huko". Angalia pia jambo hili: methali hii kamwe haisemwi na mwenye "lake". Akiwapo, haimhusu. Asipokuwapo, hawezi kuisema. Daima inatamkwa na waliobaki, na mara nyingi inatamkwa baada ya kugawana.

Nisiionee, hata hivyo. Ina nusu yake ya haki, na nusu hiyo ni kali. Kwa Sheria namba 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Haukuandikwa kuwa wa wanaume, wala wa wenye mashamba, wala wa wanachama wa chama fulani. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, ndio unaosomewa mapato na matumizi. Ukikaa stendi ya Makambako utasikia vijana wakilaani michango, ushuru na barabara za mitaa, na ukiwauliza kama walikwenda mkutanoni, jibu ni moja: "Siasa? Mimi simo." Hao methali inawauma kwa haki. Mtu anayesema "simo" amejitoa kwa kinywa chake mwenyewe, na asishangae akikuta ushuru wake umepangwa na waliomo.

Ila hata hapo ningesita kabla ya kucheka. Makambako ni mji wa kupita. Barabara kuu iendayo Zambia inapita hapo, ile ya Njombe na Songea inachomoka hapo, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni yake hapo. Mji wa njia panda hujaa wapangaji: Wakinga wa biashara, Wabena wa vijijini, watu wa Mbeya, mafundi, bodaboda, mama lishe. Wengi wao wanaamini kwamba mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba. Hakuna sheria inayosema hivyo, lakini hakuna pia balozi wa nyumba kumi aliyegonga mlango wa chumba cha kupanga kuwaambia vinginevyo. Na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulikuwa na orodha yake ya wapiga kura, iliyoandikishwa kwa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20. Mwenye kadi ya Daftari la Kudumu aliyedhani kadi inamtosha alifika kituoni akakuta jina lake halimo. Ongeza hapo wasichana wa mkoa huu walioko Dar es Salaam wakilea watoto wa watu na kufua nguo za watu. Nyumbani wanaitwa wa mjini. Mjini, mwenye nyumba hajafikiria kwamba dada wa kazi naye ni mkazi wa mtaa. "Po" yao iko wapi?

Halafu kuna aina ya kutokuwapo ambayo methali haikuiwazia kabisa: kuwapo kwa mwili mzima, na lako bado lisiwepo. Mfano uko shambani. Lori la viazi linafika kijijini, vijana wanajaza gunia, wanalishindilia, kisha wanalishonea kilemba juu, kinasimama kama nundu. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa inazidi, na bei inabaki ya gunia moja. Mkulima yupo. Anashika mdomo wa gunia kwa mikono yake mwenyewe wakati linashindiliwa! Lakini bei imetoka mjini, gunia limetoka mjini, mzani haukuletwa, na dalali ana simu inayolia. Mkulima yupo, lakini hayumo. Kwa macho yangu, hapo ndipo methali inapoishiwa nguvu. Inatuambia kuwapo ni sharti. Haituambii kwamba sharti hilo peke yake halitoshi.

Aliyeliona jambo hili mapema, na kulipeleka mahakamani kwa ukaidi wa ajabu, alikuwa mtoto wa Ludewa, wilaya ambayo sasa iko ndani ya mkoa huu wa Njombe. Mchungaji Christopher Mtikila aliuliza swali dogo: kama Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, kwa nini raia asiye na chama aweze kupiga kura lakini asiweze kupigiwa? Vyama vingi vilikuwa vimerudi mwaka 1992, lakini mlango wa kugombea uliwekewa chama kizingitini. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Mwaka huo huo Bunge likaibadili Katiba na kuufunga mlango upya. Akarudi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubaliana naye tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, la Bunge kuamua. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, nyumbani kabisa, na Juni 14, 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zake. Mtikila alikufa kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Mgombea binafsi hakuwamo katika uchaguzi huo, wala wa 2020, wala wa 2025. Na Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowawezesha raia kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile ya Arusha. Njia aliyoipita Mtikila imeota majani.

Simchori Mtikila kama malaika. Ni yeye huyo huyo aliyesimama majukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwaita Watanzania wenye asili ya Asia "magabacholi", na maduka yao yakashambuliwa. Aliyedai mlango kwa ajili ya wasiokuwamo alikuwa tayari kuwafungia wengine. Nalitaja kwa sababu ndivyo ilivyo kwa wengi wetu: "lake" ya kwetu tunaisikia kwa masikio mawili, ya jirani kwa nusu sikio.

Wanaoiona hadithi ya Mtikila kuwa ya zamani wakumbuke mwaka 2025. Mwezi wa Aprili CHADEMA, wakidai mageuzi kwanza, hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Tume ya uchaguzi ikasema asiyesaini hashiriki. Kisheria unaweza kubishana hadi jioni, lakini sikiliza mdundo wake: ni methali ile ile, imevaa suti. Chama hicho kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi za kura za Oktoba 29, na siku hiyo na zilizofuata barabara za miji kadhaa zilijaa watu, risasi zikapigwa, watu wakafa. Hekima nyingine ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kusema: wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao.

Sheria zetu hazikulala usingizi wote. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu ardhi ni batili. Viti maalumu vipo. Na kama unatafuta mwanamke aliyefika mbali kutoka hapa, Anne Makinda, aliyekuwa mbunge wa Njombe Kusini, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, kuanzia 2010 hadi 2015, kisha akawa Kamisaa wa Sensa ya 2022, kazi ya kuhakikisha kila kichwa kinahesabiwa kuwapo. Sensa hiyo iliwakuta wakazi wa mkoa wa Njombe karibu laki tisa, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Ukiwatazama waliokaa kwenye mabenchi ya mkutano wa kijiji, hesabu hiyo huioni.

Najua pingamizi: mkutano hauwezi kumsubiri kila mtu, na uamuzi usiofanyika nao ni uamuzi. Kweli. Lakini saa ya mkutano aliipanga mtu. Saa tatu ya kiangazi ni saa ya kumwagilia, na mwenyekiti, ambaye mke wake naye ana kinyungu, alilijua hilo. Mkutano ungeweza kuitishwa saa tisa. Ungeweza kufanyikia bondeni, watu wakaziona hizo mita 60 kwa macho. Kabla ya kumsomea mtu methali, muulize mwenye ratiba.

Yule mama hakupewa nafasi ya kusema tena, na hakuiomba. Alisimama pembeni mpaka mkutano ulipofungwa kwa sala. Kisha karani akamwita, akamfungulia daftari la mahudhurio, kwa sababu halmashauri hutaka idadi ya akina mama ionekane. Aliweka jembe chini, akafuta kidole gumba kwenye kitenge, akatia sahihi ya dole kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa, chini ya orodha ya waliohudhuria na kuafiki. Tope likabaki pale, karibu na jina lake.