Deni Lisilopiga Simu

Somo: Marko 6:30–46

Wapendwa, swali la wiki hii limeulizwa ofisini zaidi ya mara moja, na mara nyingi kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu. Je, ni sawa mume na mke waliookoka kuwaacha watoto nyumbani, kuchukua pesa waliyoweka akiba, na kwenda Watamu au Malindi siku tatu, wale samaki, walale, watembee ufuoni, basi? Si semina. Si mkutano wa maombi. Hakuna mgonjwa wa kumwona huko. Wanaenda tu kwa sababu wanapendana.

Kuna atakayecheka: kwani hilo nalo ni swali? Lakini liangalie vizuri. Kuna karo ya mdogo wa mume. Kuna mama kule mashambani ambaye paa lake linavuja. Kuna mfuko wa ujenzi wa kanisa, na mimi ndiye huutangaza kila Jumapili, kwa hivyo msidhani nimeusahau. Mbele ya hayo yote, pesa ya kwenda kuangalia bahari inaonekanaje?

Tufanye hesabu kwanza, maana nilisomea biashara na hesabu hainitishi. Nauli ya treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwaka 2024. Kwa bei hiyo, watu wawili kwenda na kurudi ni shilingi 6,000. Ukishuka Miritini, bado kuna matatu za kupita Mtwapa na Kilifi hadi Watamu, karibu kilomita 100. Weka chumba cha kawaida, si hoteli ya kitalii, usiku mbili, weka na chakula, na tuseme jumla inafika 24,000. Hiyo ni kuweka shilingi 2,000 kila mwezi kwa mwaka mzima. Kwa nyumba nyingi hapa kwetu, hizo si pesa kidogo.

Sasa linganisha. Wakati wa harusi tuliita kamati, tukachanga, marafiki wakaombwa mpaka wengine wakatoka kwenye grupu ya WhatsApp. Tukalipia hema, keki, magari na mpiga picha. Pesa nyingi hivyo kwa siku moja, na hakuna aliyesema ni anasa. Halafu ikaja miaka kumi, kumi na tano. Bajeti ya nyumba ina mstari wa unga, wa kodi, wa karo, wa chama, wa matanga, wa sadaka. Mstari wa ndoa yenyewe haupo. Tuligharamia mlango, tukasahau nyumba.

Mtu wa biashara angesema hivi: gari lisilofanyiwa sevisi litakufa barabarani, kwa hivyo safari ya wawili ni sevisi ya ndoa. Mfano huo unasaidia, lakini una shimo. Gari unalitunza kwa sababu litakubeba. Ukimpeleka mkeo pwani ili apunguze maneno, au ukimshawishi mumeo mwende ili arudi akiwa mwepesi wa kutoa pesa, hapo hujapenda, umewekeza. Naye atajua. Mtu anajua anapopendwa na anajua anapopigiwa hesabu.

Upande wa pili, si kila anayetaja maskini anawafikiria maskini. Katika Yohana 12, Mariamu alipompaka Yesu miguu kwa marhamu ya thamani kubwa, aliyekuwa na hesabu tayari ni Yuda: dinari 300, wangepewa maskini. Bei aliijua. Lakini Yohana anatueleza kwamba maskini hawakuwa shida yake; alikuwa mwizi wa mfuko. Sisemi safari ya Watamu ni sawa na ibada ya Mariamu, hasha. Nasema tu kwamba neno "tungewasaidia wengine" linaweza kutoka kinywani mwa mtu ambaye hana mpango wa kumsaidia yeyote. Kuna mume anayemwambia mkewe hakuna pesa ya kwenda popote kwa sababu ya majukumu ya familia, na familia yenyewe haioni hizo pesa.

Basi tuliweke swali vile linavyopaswa kukaa. Si anasa dhidi ya wajibu. Ni wajibu dhidi ya wajibu, kwa sababu mwenzi wako pia anakudai. Kumbukumbu la Torati 24:5 ilimwachilia mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani wala asipewe shughuli yoyote, akae nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mkewe. Fikiria: taifa lenye maadui linaambiwa limwache huyu mmoja nyumbani. Furaha ya mke iliandikwa kwenye sheria, haikuachwa kwenye orodha ya mambo ya ziada.

Tofauti ni kwamba madeni mengine yana sauti. Shule hutuma ujumbe. Mwenye nyumba hubisha mlango. Shemeji hupiga simu saa tatu usiku. Deni la mwenzi halipigi simu. Linakaa kimya upande ule mwingine wa kitanda, na riba inaendelea.

Karibu na Watamu kuna magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Ulikuwa mji kamili: nyumba za mawe, jumba la mtawala, misikiti, visima. Watu waliuhama kufikia karne ya 17. Wachunguzi hutaja sababu kadhaa, vita ikiwemo, na mojawapo ni maji ya visima kushuka. Kuta nyingi bado zimesimama mpaka leo. Kuna ndoa za namna hiyo katikati yetu. Watoto wako shule, picha ya harusi iko sebuleni, na Jumapili wanakaa kiti kimoja. Lakini maji yalishuka polepole na hakuna aliyekuwa akipima.

Je, hii ina maana twende tu, mama mgonjwa asubiri? Hapana. Rudi kwenye somo letu. Mitume wamerudi kutoka kazini, wamechoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaambia waende faraghani wapumzike kidogo. Wanapanda mashua. Umati unakimbia kwa miguu na kufika kabla yao. Yesu anawahurumia, anawafundisha, halafu wanalishwa wanaume 5,000. Wahubiri wengi huishia hapo, na tunatoka tukiamini kwamba mtumishi mzuri hapumziki kamwe. Soma mistari ya 45 na 46. Anawapandisha wanafunzi mashuani, anauaga umati, anaenda mlimani peke yake kuomba. Faragha iliahirishwa, haikufutwa. Hakungoja mpaka watu wasiwe na shida. Aliwaaga. Na ndiyo, wanafunzi walikutana na upepo ziwani usiku huohuo, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba faragha ni dawa ya kila kitu.

Hapo napata kipimo. Uliza: hili ni la dharura au ni hitaji la kudumu? Mama amelazwa? Ahirisheni. Toeni ile pesa kwa moyo mweupe, na kabla ya kulala andikeni tarehe nyingine, maana safari isiyo na tarehe imekufa. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliotumia korbani kukwepa wazazi wao. Nasi tusiifanye safari ya mapenzi kuwa korbani yetu. Lakini kama ni yale maombi yaliyokuwepo mwaka jana na yatakuwepo mwaka ujao, ongea kwa heshima: "Mama, mwezi huu nitatuma kidogo, mwezi ujao tukijaliwa nitaongeza." Hujamtupa. Umemjulisha tu kwamba nyumbani kwako kuna mtu mwingine unayemtunza.

Kuna mambo matatu lazima niyaseme wazi. Kwanza, usiende kwa mkopo wa simu. Ukirudi na picha nzuri na deni la miezi minne, mtakaa mkigombana juu ya ile bahari. Pili, dada wa kazi. Ukimwachia watoto watatu mchana na usiku, hiyo ni kazi ya ziada. Mlipe kabla ya kuondoka. Yakobo 5:4 inasema kilio cha vibarua waliozuiliwa mshahara kimefika masikioni mwa Bwana. Mapumziko yako yasilale mgongoni mwa mwanamke mwingine asiyepumzika. Tatu, na hili linaniuma: kama nyumbani kuna kipigo, safari si jibu. Bahari haifuti kofi. Dada, usikubali tiketi ya treni mahali pa toba. Ongea na mtu unayemwamini, tafuta usalama wako kwanza.

Najua pia kuna wanaosoma hapa ambao hata hizo 2,000 za kuweka kila mwezi hawana. Wimbo Ulio Bora 7:11 mpenzi anaalika watoke waende mashambani, walale vijijini. Hakuna hoteli pale. Kinachotakiwa ni kutoka wawili, mbali na mlango unaobishwa. Inaweza kuwa chai na mandazi kwenye kibanda cha mtaa mwingine, saa mbili nzima, simu zikiwa zimezimwa, na kusiwe na habari ya karo wala ya kamati. Siku hiyo muulize mwenzio jambo ambalo hujawahi kumuuliza, kisha usimkatize.

Wapo wajane miongoni mwetu, wa kike na wa kiume. Ukipata nafasi baada ya ibada, kaa na mmoja wao. Atakwambia mambo mengi kuhusu mwenzake aliyetangulia: alivyocheka, alivyokunywa chai, mahali walipowahi kwenda pamoja. Sijasikia hata mmoja akisimulia bili.

Kwa hivyo kazi ya wiki hii ni moja. Fungueni bajeti yenu, mume na mke mkiwa mmekaa pamoja, na mwandike mstari mpya. Uwe wa shilingi 2,000 au 200, haidhuru, bora uwe na kiasi na uwe na tarehe. Mfuko wa ujenzi utakuwepo Jumapili ijayo, nitautangaza. Bwana awabariki.