Mgeni Hakosolewi

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi "kosoa" kimejengwa juu ya "kosa", na mwishoni kimebeba kiambishi kile kile cha kutengua tunachokisikia katika "zibua" na "chomoa". Kwa umbo lake, basi, kukosoa ni kuliondoa kosa. Kulitangaza tu hakutoshi. Nalo neno "uhakiki" limetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa "haki". Lugha yetu imekwisha kumdai mkosoaji mambo mawili: aiache kazi ikiwa bora kuliko alivyoikuta, na kabla ya hapo aitendee haki.

Haki hiyo huanza kwa kusikiliza, na washairi wa mwambao waliifanya kuwa kanuni ya sanaa. Katika mashairi ya kujibizana, ada ni kwamba anayejibu hufuata vina na mizani ya aliyetangulia. Hawezi kuyapinga maneno ya mwenzake bila kwanza kuingia katika nyumba aliyoijenga na kuvijua vyumba vyake. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa katika uhasama. Maneno yao yalikuwa makali, lakini ukali huo ulitanguliwa na usikivu.

Karne ya 20 nayo ilikuwa na malumbano yake. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi. Miaka 20 baadaye kikatoka Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, chenye tungo zisizofuata vina wala mizani. Baadhi ya wanamapokeo walisema kwamba hayo si mashairi kabisa. Kauli hiyo ilikuwa na upungufu, kwa sababu ilifunga mlango kabla ya kuingia. Hata hivyo iliibua swali ambalo sifa zisingeliibua: vina na mizani vikiondolewa, ni nini kinachobaki na kustahili kuitwa ushairi? M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walilishughulikia swali hilo katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), kitabu kilichoweka hoja na tungo pamoja. Anayekosolewa hadaiwi kukubali. Hudaiwa kujibu kwa hoja na, akiweza, kwa kazi iliyo bora zaidi.

Sisi tulio Muscat, London au Minneapolis tuna kishawishi kingine. Waandishi wetu ni wachache, wasomaji ni wachache, na karibu wote twajuana. Kijana aliyezaliwa ughaibuni akileta shairi la Kiswahili, wengine humpigia makofi kabla hajafika ubeti wa mwisho. Wengine humcheka kwa ngeli moja iliyoteleza, naye huenda asiandike tena. Tabia hizi mbili huonekana kupingana, lakini zote hukwepa kazi moja: kukaa na shairi lake, kumwonyesha ubeti ulio hai na ule uliokufa, na kumweleza sababu. Mpiga makofi atasema anaulinda mche mchanga, na hoja yake ina uzito. Mche mchanga huhitaji mkono mwepesi. Lakini nao hupaliliwa, la sivyo magugu huumaliza. Tena, methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji hatukuiacha nyumbani tulipopanda ndege.

Methali nyingine husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni hakosolewi. Hulishwa, husifiwa, kisha huaga na kwenda zake. Anayeambiwa, "Hapa umekosea, na sababu ni hii," amekwisha kuhesabiwa kuwa mwenyeji, kwa kuwa shamba ni lake pia. Tukiendelea kuwasifu vijana wetu bila kuwasoma, tutakuwa tunawaambia, kwa upole mwingi, kwamba lugha hii si yao.